Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mguuni, miaka ikipita inasaidia?

Wakuu, bimkubwa wangu hapa Ngamiani Tanga damu imemganda kwenye mshipa wa paja, mguu umevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, kapewa dawa ya kuzuia isigande zaidi ila shemeji anang'ang'ania ile ya kuyeyusha kabisa. Ina faida huko mbele?

— Pole sana mkuu. Utafiti wa ATTRACT wa Marekani, 2017, wagonjwa 692: ndani ya miaka 2 waliobaki na mguu wa kuuma na kuvimba ni 47% walioyeyushiwa, 48% wasioyeyushiwa, yani ngoma droo, na kuvuja damu vibaya kukaongezeka.

— Ila utafiti mwingine, CaVenT wa Norwei, baada ya miaka 5 waliobaki na shida hiyo ni 43% walioyeyushiwa, 71% wasioyeyushiwa. Mi naona wanaofaidi ni wa damu iliyoganda juu nyongani, tena haijapita wiki 2.

— Daah, yeye wiki ya tano hii. Shemeji atulie.