Tupeane uzoefu: uliyewahi kurudisha injini ya ovahoo mwenyewe nyumbani, ilikuwaje?

Mkazi wa Sahare

Wakuu habari za mchana, poleni na joto la Tanga. Ijumaa nimewasha Subaru yangu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, mikono bado inanuka petroli, nikasema humu ndani siwezi kuwa peke yangu niliyepatwa na kichaa cha namna hii.

Gari ni Impreza WRX ile ya GDA (kodi ya bodi), injini EJ20 ya tobo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa), gia za mkono. Ilianza kugonga beringi ya konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki) natoka Muheza, kosa ni langu, oili ilishashuka na mi nimekanyaga tu. Bloku ikaenda Dar, kranki ikachongwa, pistoni na ringi mpya, ikarudi na basi imezungushiwa godoro la mtoto kama mgonjwa. Fundi akawa kila siku njoo kesho, njoo kesho, nikaona isiwe tabu, nairudisha mwenyewe hapahapa uani na chenibloku (mnyororo wa kunyanyulia mizigo) ya kuazima. Tawi la mwembe sikuliamini, mwembe haukuagi ukitaka kukatika, tukasimamisha mabomba matatu ya chuma tukaning'iniza hapo.

Hesabu yangu ilikuwa jumamosi moja, waja leo waondoka leo. Zikaenda siku nne.

Injini ya boksa, yenye silinda zilizolala, ina raha yake, ni fupi na inakaa chini, kuishusha sio shida. Shida ni ile sentimita ya mwisho. Imesogea, imesogea, kimebaki kiupenyo cha kidole kati yake na gia boksi ikagoma. Shemeji kashashika spana anataka tuivute kwa bolti. Sasa kuna mjomba wangu, aliendesha malori miaka hiyo, muda wote kakaa juu ya ndoo anakula muhogo wake hasemi kitu, ndo akasema "Acheni, mtavunja. Hicho kitu hakijakaa." Akaniambia tia gia ya nne, chukua boksi ya 22, zungusha kranki kwa mbele polepole huku mwenzio anaitikisa injini. Hata nusu mzunguko haikufika, ikaingia yenyewe. Kumbe meno ya shafti ya gia boksi yalikuwa hayajapata meno ya sahani ya klachi, tungekaza bolti tungeua sahani mpya.

Afu wenye GDA sikieni, klachi yake ni ya kuvuta sio ya kusukuma, rilisi beringi (beringi inayoachia klachi) inabaki kwenye presha pleti (sahani inayoibana klachi) na ule uma wa kuivuta lazima uinase. Mi nimefunga kila kitu najipongeza, kukanyaga pedali laini kama pamba. Ikabidi nifungue plagi ya pembeni ya gia boksi, nichomoe pini ya uma, nianze kuutafutia mahali pake na tochi mdomoni, na umeme nao ukakatika saa hiyohiyo.

Haya leteni za kwenu.

Chaser la Donge

Mkuu mjomba wako kakuokolea hela. Mi sikuwa na mjomba.

Toyota Chaser ya JZX100, injini 1JZ ya tobo, otomatiki. Wakati wa kutoa injini toki konveta (ile ngoma ya oili inayofanya kazi ya klachi kwenye otomatiki) ilikuja nayo, nikaona si mbaya, nikairudisha hivyohivyo imefungwa kwenye flekisi pleti, ile sahani nyembamba nyuma ya kranki. Ikabaki nafasi kama yako, na mi nikaivuta kwa bolti, huku kidogo kule kidogo, nikasikia kah! Nikajifanya sijasikia. Gari ikawaka vizuri tu, watoto wa jirani wanashangilia, naweka D haiendi, kuchungulia chini ATF, oili nyekundu ya gia boksi, inamwagika mchangani. Pampu ya gia boksi ilishapasuka.

Konveta inakaa kwenye gia boksi KWANZA. Unaisukuma huku unaizungusha mpaka uisikie imedondoka ndani mara mbili au tatu. Na ukishafunga injini na gia boksi vikakutana kabisa, bado konveta iwe inazunguka kwa mkono na ina kanafasi kadogo, ndo unaivuta kwenye flekisi pleti. Kama hakuna kanafasi, toa injini, usibishane nayo.

Bado Sijamlipa Fundi

Hiyo kah iligharimu shingapi?

Chaser la Donge

Usiniulize mbele za watu, wife yupo humu.

Dada wa Makorora

Mi ni mwanamke na spana ni zangu, msianze. Toyota Starlet Glanza, injini 4E-FTE. Kila kitu tulirudisha mi na kaka angu siku mbili, tunapiga stata inazunguka kivivu kama betri imekufa, tukaleta betri ya jirani, vilevile. Mara moshi. Tunaangalia mafuta hakuna, kumbe ni waya wa eksileta unaungua ganda!! Tulisahau waya wa athi kutoka kwenye injini kwenda bodi, ile nyaya nene iliyosukwa, ilikuwa imening'inia nyuma huko. Umeme wa stata ukikosa njia ya kurudi unatafuta popote chuma kinapogusa bodi, ukakuta kiwaya cha eksileta. Siku hizi naanza na athi, na nasugua rangi na kutu pale inapokaa, chumvi ya bahari yetu mnaijua.

Mzee wa Pongwe

Hamjanisalimia ila sawa. Hakuna aliyetaja oili. Injini imekaa kavu miezi, unaiwasha tu? Toa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde 10 pumzika, piga tena, mpaka taa ya oili izime. Tobo unaimiminia oili kwenye tundu lake kabla ya kufunga bomba. Na silikoni ya kuzibia jamani, mnapaka kama blubendi kwenye mkate, inayozidi inakatikia ndani inaenda kuziba chujio la kunyonyea oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Nimezika injini mbili kwa hilo.

Mkazi wa Sahare

Shikamoo mzee, utusamehe. Oili nilifanya hivyohivyo, na ile chujio ndogo ndani ya bolti ya bomba la tobo niliikuta imeziba tii. Hewa kwenye rejeta ndo ilinitesa, ilibidi nipandishe pua ya gari juu ya tofali ndo mapovu yakatoka.

Mpaka leo imetembea km 140, sijavuka mizunguko 3,000 kwa dakika, kesho namwaga oili niangalie kama kuna vipande. Ila zimebaki bolti mbili za 12 kwenye bakuli la mama watoto na kila kitu kimefungwa. Mwenye GDA anichungulilie chini upande wa tobo aniambie kama pana kitu kinashikwa na bolti mbili, silali.