Maji ya kisima mtaa wa Utawala, Nairobi: koili inaungua, sabuni haitoi povu, maharagwe hayaivi

Mama Pendo, Utawala
Habari zenu wadau. Tumehamia huku kutoka Umoja. Kule maji ya kaunti yalikuja kwa mgao, lakini yakija ni maji. Huku ploti nzima inategemea kisima cha landilodi. Sufuria ya chai imeota ukoko mweupe unaobanduka kama ganda la yai. Sabuni ya mche nasugua hadi kiganja kinauma, na inachoacha kwenye beseni ni utando wa kijivu. Maharagwe yanamaliza gesi na ngozi haijapasuka. Koili ya shawa ndiyo hiyo imeungua tena, fundi anakuja akicheka. Sasa kuna jamaa anauza mtambo wa kulainisha maji, bei yake ni kodi ya miezi kadhaa, na anaapa kuwa hata mtoto atakunywa bila shida. Wangu ana miaka mitatu. Ni kweli?

Fundi wa Kayole
Mama Pendo, tuanze na shawa. Ulizia ile ya maji ya chumvi, watakuelewa. Ya kawaida koili yake inakaa uchi ndani ya maji. Hii imefichwa ndani ya mrija wa chuma. Na hakikisha waya wa athi umeunganishwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko ya mfereji, kwa hiyo ukihisi kutekenywa ukishika bomba, zima swichi kuu, uite fundi, na asiwe yule wa kucheka. Ukoko: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha ipoe, mwaga. Kichwa cha shawa kifungue ukitumbukize kwenye kopo la siki usiku kucha. Usichanganye siki na Jik hata kidogo, hewa yake ni sumu.

Nyanya Kariobangi
Mwanangu, maharagwe yanataka magadi. Ncha ya kijiko tu, na uloweke usiku.

Ticha wa Kemia
Shikamoo nyanya. Magadi kweli yanalainisha, ila yale ya ziwani huja na floraidi yake, madini yanayoharibu meno yakizidi, na hiyo ndiyo ninayoihofia hapa. Afadhali aloweke na kupika kwa maji ya mvua.

Mama Pendo, watu wa Nairobi huita kila maji ya kisima "ya chumvi", lakini kuna mambo mawili. Tia maji kwenye chupa, kwangulia sabuni ya mche, tikisa. (Usitumie ya unga, hiyo hutoa povu hata kwa maji mabaya.) Yakigeuka maziwa bila povu, ni kalisiamu na magnesiamu, na mtambo utasaidia kufua na kuokoa koili. Povu likija na ulimi bado unaonja chumvi, ni sodiamu. Mtambo hauna kazi hapo, maana wenyewe hutoa kalisiamu na kuweka sodiamu.

Kwa vyovyote vile, mtambo hauondoi floraidi. Visima vingi vya Nairobi hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha WHO. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani, floraidi inakolea. Meno ya kudumu ya mtoto wako sasa hivi yanaundwa ndani ya fizi, na yakiota na madoa ya kahawia hayasuguliki. Kisima kiwe cha kuoga na kudeki. Maji ya kunywa na ya uji yawe ya mvua (ya kwanza iache ioshe mabati), ya kaunti yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, au ya mtungi yaliyochujwa kwa osmosisi (maji husukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi na floraidi). Muulize muuzaji, maana wengine huchuja matope tu. Kabla ya kulipia mtambo, peleka chupa maabara ipimwe ugumu na floraidi.

Mama Pendo, Utawala
Asanteni, nyanya na wewe pia. Povu limekataa, maji meupe kabisa. Nimempigia yule wa mtambo nikamuuliza habari ya floraidi, amesema atanirudia. Nani anajua duka la mitungi karibu na Benedicta wanaotumia hiyo osmosisi?