Kanopi ya pikapu Lubumbashi: vumbi la Julai na mvua ya Desemba

Swali, kutoka Bel-Air

Habari zenu ndugu. Gari ni Hilux dabo kebini, ile ya Revo. Mimi na mzee wa nyumbani tunataka tuwe tunalala humo kiangazi tukienda Kundelungu au maporomoko ya Kiubo, na mvua zikianza libebe mizigo bila kulowa. Kuna kanopi, yaani paa gumu la kufunika bodi (sehemu ya mizigo), ya faiba ya mtumba imeingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na kuna fundi Kampemba anachomelea za bati. Nichukue ipi? Na vumbi nalizibaje?

Jibu la kwanza, fundi wa bodi, Kampemba

Dada, kabla ya faiba na bati, shika futi kamba. Bodi ya Hilux dabo kebini ina urefu wa kama mita 1.5 tu. Mtu mzima hanyooki humo mlango ukiwa umefungwa, na kanopi hata iwe nzuri namna gani haiongezi urefu. Singo kebini ndiyo yenye kama mita 2.3, huko mnalala bila taabu. Kwa dabo kebini mna njia mbili: mlango wa bodi ushushwe na turubai lenye neti lifungwe kuzunguka nyuma, au hema la juu ya gari likae kwenye keria za kanopi.

Mkichagua kulala ndani, kumbukeni kwamba katikati ya matairi upana ni kama mita 1.1. Wawili watabanana. Ndiyo maana watu hupandisha kitanda cha mbao juu ya yale matuta ya matairi na kuweka masanduku chini yake. Lakini ukipandisha kitanda, unapunguza kimo cha kukaa. Pima kuanzia juu ya godoro hadi darini: chini ya sentimita 90 hamtaweza kukaa wima, mtakuwa mnavaa suruali mmelala.

Mkichagua hema la juu, uliza uzito ambao paa la kanopi linaruhusiwa kubeba. Kuna tarakimu mbili na wauzaji hupenda kutaja ile kubwa. Gari likiwa limesimama paa hubeba zaidi, hivyo watu wawili kulala juu si shida. Gari likiwa linatembea ni habari nyingine, na kwenye barabara mbovu mzigo unaoruhusiwa hushuka tena. Hema lenyewe lina kilo 50 hadi 70 hivi. Kanopi nyingi za faiba zisizo na fremu ya chuma ndani haziwezi mzigo huo kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi. Hupasuka pembeni mwa madirisha.

Sasa ile ya mtumba. Uliza ilitoka kwenye Hilux ya mwaka gani. Vigo iliisha 2015 ikaja Revo, na bodi zao hazilingani. Muuzaji atasema "zote ni Hilux, mama". Usimpe hata faranga kabla haijapandishwa juu ya gari lako na mlango wa nyuma kufungwa. Kisha ingia ndani mchana, ufungiwe, utazame mwanga unapenyea wapi. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye rangi si tatizo. Ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti au kona ya dirisha ni tatizo: toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee, piga msasa upande wa ndani, kisha faiba na rezini tabaka mbili au tatu.

Bati la kuchomelea ni rahisi na hata Likasi utapata wa kulitengeneza. Ila ni zito, na kutu huanzia ndani ya maungio ambako brashi ya rangi haifiki. Kama ni la kubeba saruji, chukua. La kulalia, hapana. Aluminiamu ndiyo bora kuliko zote ukiwa na hela, lakini ikipasuka inahitaji fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni; si kila gereji inayo.

Jibu la pili, kutoka mtaa wa Golf

Fundi amemaliza suala la kuchagua, mimi niseme vumbi, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Watu huziba dari na madirisha, ilhali vumbi huingilia nyuma. Gari likienda, hewa iliyo nyuma yake huwa na mgandamizo mdogo, hivyo kanopi inavuta hewa kupitia kila upenyo wa mlango wa bodi, na vumbi lile jekundu linaingia nayo. Kwa sababu hiyohiyo usitembee na kioo cha nyuma kimefunguliwa ukidhani unapitisha hewa: moshi wa ekzosi utarudi ndani.

Anzia kwenye mlango wa bodi. Una upenyo chini kwenye bawaba, kushoto na kulia, na pale kioo cha kanopi kinapokutana na ukingo wa juu wa mlango. Nunua raba ya EPDM (aina ya raba ya kuzibia milango ya magari) yenye tundu katikati, umbo la herufi D, si sponji ya godoro. Sponji ile hunyonya maji na kuyashikilia, na chini yake bodi huoza. Raba ikifungwa inatakiwa ibonyee kati ya theluthi na nusu ya unene wake. Isipobonyea, haizibi, ikibonyea kupita kiasi, mlango hautashika na komeo litakatika.

Jinsi ya kujua: weka ukanda wa karatasi mlangoni, funga, vuta. Ukitoka kwa urahisi, hapo hapana mgandamizo. Rudia kila sentimita 20. Au paka chaki kwenye chuma, funga, fungua, angalia alama ya chaki juu ya raba imekatika wapi.

Unapobandika, safisha kwanza kwa spiriti, usitumie petroli maana huacha mafuta. Usiivute raba ili ifike. Baada ya wiki moja itajirudi na kuacha pengo kwenye kona. Kata ikiwa na ziada ya milimita kadhaa, isukume iingie. Kiungo kiweke upande wa chini, kamwe kisiwe kona ya juu.

Halafu matundu ya kutolea maji kwenye kona za bodi. Kiangazi yazibe kwa vizibo vya raba, masika vitoe. Watu wengi huzunguka na bomba la silikoni mwaka mzima na matundu haya yako wazi.

Ukishaziba yote, ndipo tundu la hewa juu ya paa, mbele, likiangalia uendako, linafaa kitu. Hewa inaingia kwa nguvu, ndani kunakuwa na mgandamizo zaidi kuliko nje, na vumbi linasukumwa badala ya kuvutwa. Kama hujaziba nyuma, tundu hilo halisaidii. Liwe na kichujio na kifuniko: lifunge ukiwa nyuma ya lori, na lifunge mvua ikinyesha.

Jibu la tatu, Ruashi

Jamani, mbona mnahangaika? Silikoni pande zote, mwisho wa habari.

Fundi wa bodi, tena

Mzee, hapana. Ile silikoni inayonuka siki inakula mabati ya zinki na chuma kisicho na rangi. Utakuta kutu chini yake mwaka unaofuata. Zaidi ya hapo, pakishapakwa silikoni rangi haishiki tena. Kwa chuma tumia silikoni isiyo na asidi, na kwa maungio yanayocheza tumia gundi ya poliurethani. Hiyo gundi hukauka kwa unyevu wa hewa, hivyo mwezi wa 7 hapa kwetu huchukua muda mrefu zaidi. Acha gari siku mbili kabla ya kuingia barabarani.

Na kati ya kanopi na bodi usigandishe kitu. Weka mkanda wa sponji isiyonyonya maji juu ya ukingo, kisha vibano: vinne kwa bodi fupi, sita kwa ndefu. Kaza kwa msalaba kama nati za tairi, kwa spana ya kawaida bila bomba la kuongeza nguvu, maana ukingo wa bodi unajikunja. Baada ya kilomita 100 kaza tena. Pia kanopi isiguse kebini. Kebini na bodi zimefungwa kwenye chesesi kila moja kivyake na zinacheza tofauti. Ukizibana pamoja, faiba itapasuka.

Kupima maji: mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anza chini, panda polepole, dakika tatu kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia.

Kutoka Golf

Nyongeza ya usiku, maana dada atalala humo Juni na Julai. Alfajiri mtakuta matone darini na mtadhani kanopi inavuja. Ni pumzi zenu: watu wawili hutoa maji mengi usiku kucha, na dari ya faiba au aluminiamu ni baridi. Fungueni madirisha mawili yanayotazamana kwa pembe, sentimita mbili au tatu kila moja, yakiwa na neti. Bandikeni sponji ya milimita 10 isiyonyonya maji darini. Godoro likae juu ya vibao vyenye nafasi, la sivyo upande wa chini utaota ukungu.

Baridi ikiuma, ongezeni blanketi. Mbabula, lile jiko la makaa, isiingie ndani hata kama makala yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi. Makala mekundu ndiyo yanayotoa gesi isiyo na harufu, nayo inaua watu usingizini. Chupa ya gesi ya kupikia nayo ilale nje: gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja itatuama chini ya kitanda.

Dada wa Bel-Air

Asanteni sana. Bodi ina lile beseni la plastiki linalopanda hadi juu ya ukingo. Litoke?

Fundi wa bodi

Lazima likatwe au litoke. Kanopi ikikaa juu ya plastiki, vibano hulegea kila wiki na maji hupita kati ya plastiki na chuma. Likate sentimita moja chini ya ukingo kwa msumeno mdogo, lainisha kwa msasa. Ukilitoa, angalia chini yake kama kuna mchanga: ukikuta rangi imelika, piga msasa, praima ya zinki, rangi, ndipo urudishe. Raba za mlango zipake glisirini kila baada ya miezi mitatu. Usipake oili ya injini. EPDM huvimba na kulainika.