Usaili wa Zuhura, Alhamisi saa 3

Kikundi: UKOO WA MIKINDANI

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Nimeitwa usaili Alhamisi saa 3 asubuhi, hapo Mtwara mjini. Kampuni ya maghala ya korosho, nafasi ni msaidizi wa hesabu za ghala. Halafu kwenye Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi za serikali) kuna tangazo la wahasibu wasaidizi, linafungwa wiki ijayo. Naomba mnielekeze, ni usaili wangu wa kwanza tangu nimalize chuo.

Shangazi Somoe: Marahaba mwanangu, hongera sana. Kwanza safari. Usitoke Lindi alfajiri ya Alhamisi. Ni zaidi ya kilomita 100, tairi likipasuka Mingoyo usaili umeshakupita. Njoo Jumatano mchana, utalala kwangu Chikongola, jioni tukaangalie lango la hilo ghala lilipo.

Mjomba Saidi: Marahaba Zuhura. Mimi nataka kuona karatasi. Piga picha cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA. Funika namba zote kwa kidole, tumo wengi humu.

Zuhura: [picha 3]

Mjomba Saidi: Nilijua. Cheti cha kuzaliwa kimeandika "Khamisi", cha kidato cha nne "Hamis", NIDA "Hamisi". Sisi wa pwani tunaona ni jina lilelile. Anayekagua nyaraka anaona watu watatu.

Zuhura: Chuo wameandika "Hamis" kama kidato cha nne.

Mjomba Saidi: Basi vyeti vya shule na chuo visiguswe. Yatakayorekebishwa ni NIDA na cheti cha kuzaliwa kule RITA (wakala wa usajili wa vizazi), vifuate jina la vyeti vya masomo. Na kwa kuwa marekebisho huchukua muda, kesho nenda kwa wakili akuandalie hati ya majina (deed poll), halafu isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Sekretarieti ya Ajira, wenye hiyo portali, huandika wazi kwenye matangazo na kwenye wito wa usaili kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati hiyo. Watu wamesoma wiki tatu, wakafika mlangoni wakarudishwa kwa herufi moja. Inaniuma kila nikiisikia.

Kaka Issa: Na kampuni binafsi nao wanakagua hivyo?

Mjomba Saidi: Wengi watamuuliza tu na kuendelea. Lakini jina la kwenye mkataba, la NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na la akaunti ya benki lazima yawe mamoja, vinginevyo mshahara wa kwanza unakwama. Kwa hiyo ni kazi ya kufanya hata hivyo.

Mjomba Saidi: Zuhura, chuo kimekupa cheti chenyewe au hati ya matokeo ya muda?

Zuhura: Cheti ninacho, na transkripti.

Mjomba Saidi: Vizuri. Hati ya matokeo ya muda na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne hazipokelewi kwenye portali, hata kama umefaulu vipi. Mengine ya portali haya hapa: barua uiandike kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. UISAINI kwa kalamu, kisha uiskani. Barua isiyo na saini inaangusha wengi. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili au hakimu. Wadhamini watatu, na uwapigie kabla ya kuandika namba zao. Sehemu ya mkoa unaoishi ijaze Lindi, kwa sababu kada zenye waombaji wengi mchujo wa maandishi umekuwa ukifanyika mikoani. Ukiacha Dar es Salaam uliyojaza ulipokuwa chuo, utaitwa Dar es Salaam na nauli ni yako.

Zuhura: Uuuh. Imeandikwa Dar es Salaam kweli. Nabadilisha sasa hivi.

Mjomba Saidi: Badilisha kabla hujatuma maombi. Na ukiitwa, ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya usaili kwenye karatasi. Siku ya usaili beba vyeti halisi pamoja na kitambulisho. Chakula, nauli na malazi kila msailiwa anajigharamia, uanze kuweka akiba mapema.

Dada Rehema: Habari za jioni wote. Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Nimesoma wasifu wa Zuhura alionitumia pembeni. Zuhura, ukurasa wa kwanza umeandika "mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Futa mistari yote mitatu. Kila aliyeomba ameandika hayo, na anayesoma hana namna ya kuyapima. Kwenye fildi (mafunzo ya kazini) umeandika "nilishiriki shughuli za uhasibu." Shughuli zipi?

Zuhura: Nilikuwa halmashauri wiki 8. Walinipa kupanga hati za malipo.

Dada Rehema: Kupanga vipi? Kwa siku ngapi, hati ngapi, ulikuwa unaangalia nini?

Zuhura: Kama 40 kwa siku. Naangalia saini ya aliyeidhinisha, ankara, risiti ya EFD (mashine ya kodi) na kifungu cha bajeti. Isiyokamilika naiweka pembeni, naandika kinachokosekana, inarudi idarani.

Dada Rehema: Hiyo ndiyo kazi! Andika hivi: "Nilikagua hati za malipo zipatazo 40 kwa siku kwa wiki 8: idhini, ankara, risiti ya EFD na kifungu, zenye kasoro nilizirudisha idarani na maelezo ya maandishi." Mstari mmoja huo unamwambia mwajiri unajua hati mbovu inafananaje. Ghala linaishi kwa hati.

Dada Rehema: Na wakisema "tueleze kuhusu wewe", hawaulizi umezaliwa wapi na mko wangapi nyumbani. Dakika moja na nusu: umesomea nini, kazi gani umeshaifanya kwa mikono yako (hapo ndipo hati 40), na kwa nini kazi hii ya ghala. Ifanyie mazoezi kwa sauti, jirekodi kwenye simu, usikilize. Usiikariri neno kwa neno. Ukisahau neno moja yote inaporomoka.

Shangazi Somoe: Sasa nami nimpe swali la kazi. Zuhura, jibu hapa hapa. Ghala limepokea kilo 10,000 za korosho. Baada ya miezi miwili zinatoka kilo 9,850. Bosi anakuuliza 150 ziko wapi. Unasemaje?

Zuhura: Kuna wizi?

Shangazi Somoe: Hapana. Ukilisema hilo kwanza umewatuhumu watu bila ushahidi, na wanaokusaili watajua hujui korosho. Korosho hunyauka. Tunaita unyaufu. Sasa kokotoa. Tuseme ziliingia zikiwa na unyevu asilimia 10, zikatoka na asilimia 9. Maji yalikuwa kilo 1,000, kwa hiyo korosho kavu ni 9,000. Hizo 9,000 hazibadiliki. Wakati wa kutoka ni asilimia 91 ya mzigo. 9,000 gawa kwa 0.91 ni ngapi?

Zuhura: 9,890.

Shangazi Somoe: Enhee. Unyaufu umekula kilo 110. Zilizobaki bila maelezo ni 40 tu. Hapo ndipo unaanza kufuatilia: mizani ya kuingizia na ya kutolea ni moja? Ina muhuri wa Wakala wa Vipimo na haujapita muda? Uzito wa gunia tupu ulitolewa pande zote mbili au upande mmoja? Hati za kupokelea zinalingana na daftari la ghala? Hayo yote yakiwa sawa ndipo useme panahitajika uchunguzi. Na sema wazi kwamba bila kipimo cha unyevu cha siku ya kuingia, hesabu hii haifanyiki kabisa. Wakisikia hivyo watainua vichwa.

Zuhura: Shangazi nimeandika yote kwenye daftari.

Shangazi Somoe: Ujue na njia ya mzigo: mkulima, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), ghala kuu, stakabadhi ya ghala, mnada, malipo. Ujue kwamba daraja la kwanza na la pili hukaa na huuzwa kila moja peke yake. Na ujue vyama vikuu vya ushirika vya kwetu: MAMCU, TANECU upande wa Newala na Tandahimba, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao hapo kwenu. Mzigo wa ghala hilo unatoka kwa hao.

Kaka Issa: Watampa na jaribio la kompyuta, nina uhakika. Zuhura, Excel yako ikoje?

Zuhura: Wastani.

Kaka Issa: Usiseme "wastani", sema unachoweza. Kwa kazi hii jifunze SUMIF (fomula ya kujumlisha kwa sharti) leo: una orodha ya mizigo 200, wanataka jumla ya kilo za kila AMCOS. Makosa yanayoangusha watu ni mawili. La kwanza, mtu kaandika "850 kilo" ndani ya seli, Excel inaiona ni maneno, jumla haihesabu. Dalili yake: namba imeegemea kushoto badala ya kulia. La pili, jina la chama limeandikwa na nafasi ya ziada mwishoni, kwa hiyo chama kimoja kinakuwa viwili. TRIM inaondoa hizo nafasi. Kabla ya kuwasilisha, jumla ya vyama vyote ilingane na jumla kuu ya orodha. Isipolingana usiifiche, andika chini umegundua nini.

Zuhura: Na wakiuliza mshahara?

Dada Rehema: Usiseme "wowote mtakaonipa." Taja kiwango, na useme ni kabla ya makato. Mfano, laki 7 kabla ya makato. NSSF yako asilimia 10: 70,000. Inabaki 630,000 ya kukatwa kodi. 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. 110,000 zilizozidi ni asilimia 20, yaani 22,000. Kodi 42,000. Ulikopa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi?

Zuhura: Ndiyo.

Dada Rehema: Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 105,000. Mkononi unapata 483,000. Sasa ukitaja laki 5 ukidhani ndiyo utakayoshika, unajua mwenyewe utabaki na nini. Piga hesabu ya kodi ya chumba na nauli kwanza, ndipo upate namba yako.

Shangazi Somoe: Chumba asihesabu kwa mwaka wa kwanza. Nyumba ipo.

Dada Rehema: Mungu akubariki shangazi. Basi Zuhura, mwishoni watakuuliza kama una swali. Uliza hili: mkataba ni wa msimu au wa mwaka mzima? Minada huku huanza Oktoba, na ghala likishakuwa tupu baadhi ya ajira nazo zinaisha. Halafu uliza nani atakukabidhi hesabu zilizopo. Ukipokea daftari bila makabidhiano ya maandishi, upungufu wa jana unakuwa wako.

Mama Zuhura: Kuna mtu kampigia Zuhura mchana anasema atume elfu 50 ya fomu ili jina lake lipite.

Mjomba Saidi: ASITUME HATA SENTI. Ajira haina ada ya fomu, si serikalini wala kwenye kampuni ya kweli. Namba hiyo aifungie, na Alhamisi awaambie wenyewe wa kampuni kuwa jina lao linatumika.

Zuhura: Sijatuma mjomba. Nguo je? Nina sketi nyeusi na shati jeupe, na mtandio.

Shangazi Somoe: Zinatosha. Viatu viwe vya kufunika vidole, huenda wakakutembeza ghalani, kuna magunia na toroli. Na maji, joto la humo silo la ofisini.

Zuhura: Nimeanza na dakika moja na nusu. "Naitwa Zuhura Hamis. Nimesomea uhasibu. Kwa wiki 8 nilikagua hati za malipo zipatazo 40 kwa siku, nikirudisha zenye kasoro na maelezo. Nataka kazi ya ghala kwa sababu napenda sana uhasibu..."

Dada Rehema: Simama hapo kwenye "kwa sababu". Umerudi kwenye maneno ya wote. Weka korosho.

Zuhura: "...kwa sababu ghalani kilo na hati lazima zikubaliane, na kutafuta pale zinapotofautiana ndiyo kazi niliyoifanya."

Shangazi Somoe: Hiyo hiyo. Rekodi, tuma hapa. Jumatano ukishuka stendi nipigie.