Mliokulia mitaa ya vibaka, tupeane uzoefu

Wakuu, nimekulia Manzese miaka ya tisini, kwenye vichochoro ambavyo mkikutana wawili lazima mmoja ajibanze ukutani. Mama akitoka kwenye biashara usiku, hereni alikuwa anazivua ndani ya daladala kabla hajashuka Darajani.

Nikiwa darasa la tano nilitumwa mafuta ya taa. Wakati wa kurudi nikapigwa kabali kwa nyuma, chupa ikadondoka. Nikalia. Mkono ukalegea. "We dogo, si mtoto wa mama chapati?" Sauti niliijua, ni kaka aliyekuwa anatufundisha mpira. Akaokota chupa, akaifuta kwa fulana yake, akanisindikiza hadi mlangoni. Nyumbani sikusema kitu.

Haukupita mwaka, tukiwa njiani kwenda shule tukakuta watu wamejaa na moshi wa tairi. Nilimtambua kwa raba zake. Mama yake alirudi kuuza vitumbua baada ya arobaini, akiwauzia walewale waliokuwepo pale. Hadi leo nikisikia "mwizi!" miguu inakufa ganzi.

Wenzangu mlipitaje?

Mdau, Tandale: Pole sana kaka. Sisi wasichana hatukuogopa kuporwa tu. Choo kilikuwa uani, cha wapangaji wote, na usiku huendi peke yako. Tulikuwa tunaamshana, mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje na kibatari, na mnaongea kwa sauti muda wote. Mkinyamaza, mama anatoka na mchi. Ile jioni ya tarehe 2 Januari 2015, vijana wa genge la Panya Road walipotia watu hofu Dar mpaka maduka yakafungwa, bibi alituingiza wajukuu wote chumbani kwake, kabati likasukumwa mlangoni. Tulikuwa tisa. Mdogo wangu alikuwa na homa na hakuna aliyethubutu kutoka kumtafutia dawa.

Mdau, Mathare: Huku Nairobi, mwaka 2006 magenge ya Mungiki na Taliban yalipigana juu ya pesa za pombe ya chang'aa, nyumba zikachomwa. Yetu ilienda. Tulilala nje na blanketi la kuazima. Baba alikuwa ametoka na kitu kimoja tu, bahasha ya vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mama alimlaumu wiki nzima kwa kuacha godoro. Hicho cheti ndicho nilichoandikishia mtihani wa darasa la nane.