Naomba ushauri: floridi katika maji ya bomba, Arusha
Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Tumehamia Arusha na mtoto wa miaka 2, umri ambao meno ya kudumu bado yanajijenga ndani ya taya, na ndiyo maana floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi) itokanayo na miamba ya volkano ya Mlima Meru inanitia hofu kuliko vijidudu. Vijidudu hufa kwa kuchemsha. Floridi haiondoki, bali maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Naomba kuelekezwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kupimiwa maji ya bomba lake. Na ninyi mnaotumia chujio la mkaa wa mifupa ya wanyama kupunguza floridi, mnatambuaje kwamba mkaa umechoka na unapaswa kubadilishwa?