Vitabu vya picha kuhusu chai ya Boston: tuwasomee watoto au tuviache?

Baba Wawili, Houston
Waungwana, naomba maoni yenu. Binti yangu wa darasa la pili amekuja na kitabu cha picha kuhusu usiku wa tarehe 16 Desemba 1773. Kila ukurasa una wanaume wenye nyuso za furaha wakimwaga masanduku 342 ya chai katika bandari ya Boston, eti kwa sababu mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiwatawala, aliwapandishia kodi. Je, ni sawa kumsomea mtoto wa miaka saba sifa za wahuni walioharibu mali ya watu?

Mpenda Historia
Ndugu yangu, umewaita wahuni watu ambao hawakuigusa mizigo mingine wala kuzichoma merikebu zenyewe, yaani Dartmouth, Eleanor na Beaver, na ambao walimvua koti mwenzao aliyejaribu kuficha chai ndani yake. Dosari ya kitabu hicho iko kwingine kabisa, kwani mwaka 1773 kodi haikupandishwa. Sheria mpya iliiruhusu Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India kupeleka chai yake moja kwa moja kwenye makoloni ya Uingereza huko Amerika, Boston ikiwemo, ikapunguza bei, huku ikiibakiza ile kodi ya peni 3 kwa ratili iliyowekwa mwaka 1767 na bunge la Uingereza, ambalo wakazi wa makoloni hayo hawakuwa na mjumbe hata mmoja ndani yake. Waliotishika kwanza ni wafanyabiashara waliokuwa wakiuza chai ya magendo.

Binti Tanga
Kwa hiyo uhuni wenye adabu si uhuni? Januari 1774, katika mji huohuo, John Malcolm, mtumishi wa forodha, alivuliwa nguo kwenye baridi kali, akapakwa lami, akamwagiwa manyoya na kuzungushwa mitaani juu ya mkokoteni. Ngozi yake ilibanduka pamoja na lami hiyo. Nimeona vitabu vya watoto vinavyomchora mtu wa aina hiyo kama kuku wa kuchekesha. Hapo ndipo ninapokataa.

Mwalimu Mstaafu
Mnabishania adabu ya wamwagaji, wala hakuna aliyeuliza kwa nini walijipaka masizi na kujifanya Wamohawk, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, jambo ambalo wachoraji hulipamba kama vazi la sherehe. Wala hamjauliza juu ya watu weusi. Dartmouth hiyohiyo ilileta nakala za mashairi ya Phillis Wheatley, msichana aliyeuzwa Boston akiwa mtumwa, mashairi yaliyochapishwa London mwaka huohuo. Mimi ningeanza kusimulia kutoka kwenye shehena hiyo, nikamwacha mtoto aulize mwenyewe uhuru uliokuwa ukidaiwa ulikuwa wa nani.

Baba Wawili, Houston
Mwalimu, nakuheshimu, lakini Mpenda Historia hajanijibu. Mali ilikuwa ya kampuni, si ya mfalme. Aliyeiharibu kwa upole ameiharibu vilevile.

Mpenda Historia
Na kampuni hiyo ilipewa upendeleo na bunge, ndugu yangu. Mbona hilo hulitaji?

Binti Tanga
Bunge lilijibu kwa kuifunga bandari ya Boston Juni 1774 hadi chai ilipwe, nao mabaharia na wapagazi, ambao hawakuwa na hata sanduku moja la chai, wakakosa kazi. Baba Wawili, hebu tazama: hicho kitabu chako kina kurasa ngapi baada ya chai kumwagwa?